Ndege wa Mtu Mmoja

Nimekasirika. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nimemwalika bustanini kupunga upepo. Sisi watazama ndege hudhaniwa kuwa watu wapole, watu wa kunong'ona na kunyata. Kweli tunanong'ona, na kunyata tunanyata, lakini mtu aweza kunyata huku moyo unamchemka mpaka kifuniko kinacheza. Asubuhi ile nilinyata hivyo. Kamera ilikuwa shingoni, spika ndogo ya kuchezea sauti za ndege ilikuwa mkobani, na mbele yangu alitembea mtu wa Idara ya Uhakiki, akiruka nyasi zenye umande asichafue viatu vyake.

Ilikuwa asubuhi ya siku gani, sijui. Katika Mji ule asubuhi za bustanini zilikuwa zimeingiliana. Ukipita lango la mashariki ulikuta umande wa jana haujakauka na wa kesho umekwisha kuanguka. Mti mmoja ulichanua upande huu na kupukutika upande ule, na hakuna aliyestaajabu, maana watu wa Mji walikuwa wamezoea kukaa ndani ya siku isiyotangazwa, wakisubiri waambiwe kwamba leo ni leo. Hata saa zilitushinda. Nasikia watazama ndege wa kwingine humwelekeza ndege kwa uso wa saa. Tulijaribu mara moja. Nikasema yuko saa tatu. Nusu ya chama wakageukia kulia kwenye tarakimu ya tatu, nusu wakageukia kushoto ambako mshale wetu hulala ikifika saa tatu, vichwa vikagongana, na ndege akaenda zake. Tangu hapo tuliacha saa, tukawa tunaelekezana kwa miti.

Chama chetu kilikuwa na sheria moja tu: ndege wa mtu mmoja si ndege. Ukimwona peke yako, umemwota. Hata ule kiapo, hata umchore mpaka kucha, wenzako watakupa pole na kukumiminia chai. Mpaka jicho la pili limwone, ndipo anakuwa ndege. Tuliitunga wenyewe kwa utani, kuwazuia waongo, kwa sababu mtazama ndege aliyerudi mikono mitupu ni mwongo kuliko mwindaji. Hatukujua kwamba kulikuwa na watu vichakani wanaotusikiliza sisi kama sisi tulivyowasikiliza ndege. Wakaipenda sheria yetu. Wakaichukua, wakaipiga muhuri, wakaifanya sheria ya Mji mzima, na utani wetu tukarudishiwa ukiwa umevaa sare.

Hapo ndipo Idara ya Uhakiki ilipozaliwa. Wastaafu walipanga foleni kuthibitisha kwamba hawajafa, kila mmoja na jirani yake wa kumshuhudia, na aliyefiwa na jirani aliambiwa kwa upole arudi nyumbani kwa kuwa hayupo. Nilimwona mzee mmoja akijipapasa mikono njia nzima. Mimi nilikuwa mpiga picha za pasipoti. Watu waliketi mbele ya shuka langu la bluu wakinisihi, "Nifanye nionekane, Bi Siku," nami niliwainua kidevu, nikawafuta jasho puani, nikawafanya waonekane. Niliona fahari. Nani anaamua kwamba mtu yupo? Niliwahi kudhani ni Mungu. Baadaye nikadhani ni mimi na kamera yangu. Kumbe ni kijana mwenye viatu visivyotaka umande.

Bustani ile zamani ilikuwa makaburi ya mtaa wetu. Hayakuwa na mawe wala majina. Mtu wetu akizikwa, kichwani hupandwa mrehani na kufukiwa bakuli la maji, basi. Mirehani ikakua, ndege wakaja kunywa, watu wakawafuata ndege, na kaburi likawa bustani bila mtu kuamua. Mama yangu yuko pale, karibu na ukuta wa kusini. Asubuhi nyingine nilimwona ameketi, amenipa mgongo, anachambua majani ya mrehani na kuyaweka pajani. Sikuwahi kuuona uso wake. Nilisimama nikatazama mpaka akaisha. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilimwona peke yangu, na sheria ya chama naijua.

Halafu Idara ikasema bustani itasawazishwa pajengwe jengo la Idara, kwa kuwa foleni zimekuwa ndefu. Nilikwenda kuwaambia mle mna watu. Wakauliza nani aliwaona wakizikwa. Nikasema mimi, nilimzika mama yangu mwenyewe, mchanga wake uliingia kwenye kucha zangu. Wakauliza nani mwingine. Nikawataja waliokuwepo, kwa majina na kwa baba zao, na kila niliyemtaja alikuwa amelala pale pale, safu ya nyuma ya mama. Karani akaniambia nisihuzunike, kwamba nikipata hata ndege aitwaye kurumbiza mle ndani, yule mwenye paji jeupe aliyesemekana ametoweka, hapo patalindwa na katapila haitaingia.

Wafu wetu hawakutosha. Walitaka ndege!

Na ndege alikuwepo, hilo ndilo lililoniuma. Kurumbiza alikuwa ametaga ndani ya mrehani wa mama. Nilimwona mimi, na alimwona kaka Ngwali, mwenyekiti wa chama chetu, mshona kanzu mstaafu aliyehamia Mjini uzeeni kutoka visiwa vya mbali, mtu ambaye macho yake bado yanatunga uzi sindanoni bila miwani. Wawili, basi, sheria imetimia. Tukaenda Idarani tumevaa vizuri. Mhakiki, huyu huyu mwenye viatu, akatusikiliza, akatabasamu.

"Ninyi ni chama kimoja?" akauliza.

"Ndiyo, bwana."

"Chama kimoja ni jicho moja. Jicho la pili litakuwa langu. Mama, naomba tuelewane, huo ni utaratibu, sikuutunga mimi."

Ndivyo tulivyojikuta tunanyata watatu, yeye mbele ingawa njia hakuijua. Nje ya lango la kusini katapila ilikuwa imekwisha kuwashwa. Ilinguruma taratibu wakati wote ule, na maji katika mabakuli ya makaburi yalitetemeka.

"Mbona kimya?" akasema Mhakiki. Tulikuwa tumechutama nyuma ya mti wa mwarobaini, mrehani wa mama uko mbele yetu, umbali wa kurusha kiatu.

"Amelalia, bwana," akasema kaka Ngwali kwa sauti ya chini. "Anayelalia haimbi. Tungoje, mwenzake atakuja kumpokea, utawaona wote wawili kwa raha zako."

"Atakuja lini?"

"Atakapokuja."

"Mzee wangu, mimi nina kazi nyingine. Kuna mtaa mzima unanisubiri niseme kama upo." Akautazama uso wake katika kioo cha simu, akarekebisha tai. "Kama hayupo, mnieleze nikaripoti hayupo."

Kuna kitu ambacho watazama ndege hawakipendi kusimulia. Spika. Unamchezea ndege sauti ya ndege wa aina yake, naye akiisikia anajua kuna mgeni ameingia uwanjani pake, anaacha kila kitu, anatoka kupigana. Hapo unampiga picha, amevimba manyoya, mzuri ajabu, na watu nyumbani watakusifu kwamba umemnasa akiimba kwa furaha. Si furaha. Anatafuta adui asiyekuwepo. Anaimba mpaka anachoka, anazunguka, haelewi, na adui yumo ndani ya boksi dogo mfukoni mwa mtu. Ndivyo watu wa Idara wanavyotutoa na sisi. Wanachukua sauti zetu wenyewe, wanazicheza nje ya mlango, nasi tunatoka mbio, tunapiga kelele, tunaonekana. Tulilolilalia linabaki wazi.

Nilikuwa nayo sauti ya kurumbiza, niliirekodi msimu uliopita, au ujao. Nikatia mkono mkobani.

Kaka Ngwali akanishika kifundo cha mkono. "Dada Siku. Usimwite."

"Niache, kaka."

"Ana mayai. Tazama juu."

Sikutaka kutazama juu. Nilijua walipo. Kunguru walikuwa wamekaa juu ya nguzo za taa, juu ya ukuta, juu ya bango la Idara, hawasemi, na kunguru asiyesema ni wa kuogopwa.

"Akitoka tu, wale wanashuka," akasema. "Utampoteza ndege ili umwonyeshe ndege."

"Na nisipomwonyesha nampoteza mama!" Nilisahau kunong'ona. Sauti yangu iligonga ukuta ikarudi. "Nifanyeje, kaka Ngwali? Nifanyeje mimi? Niambie basi, wewe mwenyekiti."

Aliniachia mkono, na mpaka leo sijaamua kama nilimshukuru kwa kuniachia au nilimchukia.

Mama au mayai. Nani amewahi kuuliza swali kama hilo akiwa na akili timamu? Nani alikaa mezani, akanywa maji, akafikiri, akaona kwamba mwanamke achutame nyuma ya mwarobaini achague? Aliyelitunga swali hakuwepo pale. Aliyetumwa kulileta alikuwa anasoma simu. Nikamtazama mama, maana alikuwa ameketi tena, mgongo ule ule, vidole vinachambua. Geuka basi, nikamwambia moyoni. Geuka uniambie. Hakugeuka.

Nikaiweka spika nyasini mbele yetu. Nikabofya.

Sauti ikatoka nyembamba, ikapanda, ikavunjika mara mbili kama wafanyavyo kurumbiza wanapodai chao. Mrehani ukatikisika. Naye akatoka. Yarabi, alitoka! Paji jeupe, kifua cha rangi ya machungwa yaliyoiva, mdogo kiasi cha kuenea kiganjani, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko bustani nzima. Akatua juu ya spika yenyewe. Akaizunguka. Akaipiga mdomo. Akaimba usoni mwake maneno yale yale iliyokuwa ikimwimbia, naye alikuwa anapigana na nafsi yake, na mimi nilikuwa napiga picha, nikabonyeza tena na tena, vidole vimekufa ganzi, machozi yameziba lenzi ya ndani ambayo haina kitambaa cha kuifutia. Kwa muda sikujua nani kati yetu alikuwa juu ya spika. Nilihisi kucha zangu juu ya plastiki. Nilihisi mayai yangu yanapoa nyuma yangu.

"Bwana!" akaita kaka Ngwali. "Huyo! Huyo hapo, juu ya spika, tazama!"

Mhakiki alikuwa ameinama. Alikuwa anafuta tope kwenye kiatu kwa jani la mwarobaini.

"Wapi?" akasema, bado ameinama. "Ngoja."

Ndege hangoji. Kunguru wakashuka, kimya, bila hata kugombana. Kurumbiza akageuka, akaona, akarudi mbio. Lakini alichorudia kilikuwa kimekwisha. Kunguru mmoja alitua ukutani akainua kichwa ameze. Ute wa njano ulimtiririka mdomoni.

Mhakiki akasimama wima, akajinyoosha mgongo. "Enhe. Yuko wapi?"

Nikamsogezea kamera. "Huyu. Umemwona? Mtazame paji."

"Picha si jicho, mama."

"Basi nenda ukakione kiota!"

Akaenda. Akafunua mrehani kwa ncha ya kalamu, akachungulia, akarudi akitikisa kichwa kwa masikitiko ya kazini. "Ni kitupu. Kiota kitupu ni majani tu. Poleni sana. Nitaandika hakuna." Akanyoosha mkono kuelekea lango la kusini, tayari kumpungia dereva wa katapila.

Hapa wengine wangemsimulia vizuri mtu huyu. Wangesema alikuwa na mama yake pia, alikuwa na watoto, alifuata amri. Mimi sitaki. Nilimtukana. Nilimtukania kiatu na kalamu na tai, nilimwita maneno ambayo mpiga picha za pasipoti hafundishwi, nikamwambia amekula mayai yale yeye, kunguru alimkopesha mdomo tu. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipungue. Akasema, "Mama, hasira hazisaidii."

Ndipo kaka Ngwali, ambaye alikuwa amekaa chini muda wote akitazama yule kurumbiza anavyoingia na kutoka katika mrehani bila kuelewa, akasema bila kuinua kichwa:

"Bwana, leo umeongozana na nani?"

"Nanyi."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna. Dereva yuko huko nje."

"Na sisi ni chama kimoja."

"Ndiyo, nilishasema."

"Chama kimoja ni jicho moja." Kaka Ngwali akapangusa majani kwenye kanzu yake, akainuka polepole, magoti yakalia. "Basi humu ndani, bwana, wewe umeonwa na jicho moja tu. Nawe sheria unaijua."

Mhakiki akacheka. Kicheko kilianza vizuri, halafu kikatafuta pa kushika. Akatazama chini. Nilitazama alipotazama. Alikuwa amesimama katikati ya umande, na nyuma yake, njia yote tuliyokuja, zilikuwepo alama za miguu yangu na za makubadhi ya kaka Ngwali. Zake hazikuwepo. Viatu vile, pamoja na tope lao, ni kama havikuwa vimekanyaga popote.

"Huo ni mchezo wa maneno," akasema.

"Huo ni utaratibu," nikasema mimi. "Hatukuutunga sisi. Samahani, tuliutunga."

Tai ilikuwa ya kwanza. Ilififia kama wino uliomwagiwa maji, kisha shati, kisha nikaanza kuona ukuta kupitia kifua chake, na kunguru wawili juu ya ukuta wakimtazama kwa hamu. Akajipapasa mikono. Nilikuwa nimeona mtu akijipapasa vile, mzee wa foleni. Uso wake uliobaki ukawa wa mvulana, kisha wa mzee, kisha wa karani aliyeniambia nisihuzunike, maana kumbe wote walikuwa wakibadilishana uso ule mmoja.

"Bi Siku," akasema. Jina langu alikuwa analijua siku zote. "Bi Siku, unayo kamera. Nipige. Nifanye nionekane."

Akainua kidevu mwenyewe, kama wanavyofanya mbele ya shuka la bluu. Hata nywele alijaribu kuziweka sawa. Ningeweza. Kidole kilikuwa pale pale juu ya kitufe, kazi ni ya kukonyeza jicho, na picha ningeipeleka kwa mtu wa pili nje ya lango, naye angesema ndiyo, namwona.

"Picha si jicho," nikamwambia, nikafunika lenzi.

Kalamu yake ilianguka majanini. Hiyo ilibaki. Nikaiokota nikaivunja.

Sikufurahi. Asitokee mtu kunisingizia furaha. Spika ilikuwa bado inaimba ndani ya nyasi, nilikuwa nimeisahau, na kurumbiza alikuwa amerudi kupigana nayo, mdomo wazi, sauti imemkauka. Nilikimbia nikaizima. Akabaki amesimama mbele ya kimya kile, kifua kinapanda na kushuka, akisubiri adui aseme tena.

Dereva wa katapila akaingia kwa miguu, kofia mkononi, bwana mnene mwenye grisi mpaka kwenye nyusi. "Shikamooni. Namtafuta Mhakiki. Aliniambia nimsubiri anipungie."

"Marahaba. Mhakiki gani?" akasema kaka Ngwali.

"Huyo aliyeingia nanyi. Mwenye viatu."

"Ulimwona na nani?"

Dereva akafikiri. Akageuka kutazama lango, akatutazama sisi, na nikaona anavyoelewa, maana naye aliwahi kupanga foleni. "Nilimwona peke yangu," akasema.

"Basi, ndugu yangu."

Akavaa kofia yake. Baada ya muda kidogo mngurumo ule ukakatika, na maji katika mabakuli yakatulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kesho watamtuma mwingine, au jana walikwisha kumtuma. Najua. Hasira yangu nimeiweka, sijaitumia yote.

Nikachutama mbele ya mrehani wa mama. Ganda la yai lilikuwa limeshikwa kwenye utando wa buibui, jembamba, lina madoa ya kahawia. Sikuligusa. Nilitaka kumwomba mama radhi na sikujua pa kuanzia, kwa ajili ya nani, kwa yai lipi. Kurumbiza mwenzake alikuwa amefika hatimaye, akatua karibu na yule wa kwanza, wakatazamana wawili hawa bila kutuomba ruhusa.

"Dada Siku," akasema kaka Ngwali nyuma yangu. Alikuwa ameshusha darubini, anatazama kwa macho matupu. "Yule mama anayechambua mrehani pale kando, chini ya ukuta, ni nani?"

Nilishika ardhi kwa viganja vyote viwili. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka ataisha.

"Niambie mimi mwenzako, umemwona amevaa nini," nikasema.

"Kanga ya kisutu. Kajifunga kiunoni, kama mtu anayekwenda kugombana. Anatutazama. Na amekasirika, dada, amekasirika kama wewe."